"Mwanangu Hali Mboga" na Maneno Mengine ya Langoni

Kengele ya mapumziko ikilia, lango la shule nyingi hapa Malindi hugeuka soko. Mhogo wa karai, viazi karai, achari, barafu za rangi, mabuyu yanayoacha vidole vyekundu hadi jioni. Ndiyo maana shule ikitangaza mpango wa kuwahimiza watoto kula vizuri, sisi wazazi huja mkutanoni na majibu tayari. Mengi nimeyasikia. Mengine nimeyasema mwenyewe.

"Hayo ni ya watoto wa Ulaya walionenepa."

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nchini Kenya, kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 18 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kaunti yetu ya Kilifi ilishika nafasi ya juu kuliko zote: 37. Kudumaa huanza mapema, tangu tumboni hadi miaka miwili ya kwanza, na shule haiwezi kurudisha yaliyopita. Lakini mtoto yuleyule huingia darasani, na akishiba sima au mhogo mtupu kila siku, tumbo limejaa na damu bado haitoshi. Kwa hiyo kwetu kula vizuri kwanza ni kuongeza: kunde, dagaa, yai, mboga za majani. Kupunguza kunakuja baadaye, na kunaanzia kwenye soda.

"Lishe bora ni ghali."

Hapa nazilaumu chati za ukutani. Tufaha jekundu, zabibu, brokoli. Mtoto wa kijijini Ganda, hapa karibu na Malindi, ataiona wapi brokoli? Akitoka darasani ameshaamini kwamba chakula cha afya huuzwa supamaketi, na mama yake pia.

Wakati huohuo mchunga, mboga ya porini, unaota kando ya shamba bila kupandwa na mtu. Ni mchungu, kweli, na bibi zetu walijua dawa yake: wanauchanganya na mboga laini kama mnavu au mchicha, kisha wanatia tui la nazi. Tui hilo linafanya kazi mbili. Mboga za kijani na embe bivu zina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kiini hicho hakifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Dagaa wanaoliwa wazima, na miba yao, wana madini yaleyale ya mifupa tunayoyatafuta kwenye maziwa. Na msimu wa maembe ukifika, ngowe huoza chini ya miti huku watoto wakinunua juisi ya pakiti yenye picha ya embe.

Yai na maziwa huuma mfukoni, sibishi. Waliosoma enzi za maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa bure shuleni mwaka 1979, wanajua serikali iliwahi kuliona hilo.

"Mwanangu hali mboga, nimeshamjaribu."

Mara ngapi? Wanaochunguza ulaji wa watoto wanasema ladha mpya huhitaji kuonjwa mara 8, 10, hata 15 kabla haijazoeleka. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu. Kibaya zaidi ni ile hongo: "Maliza mchicha nikununulie soda." Mtoto ana akili. Hapo amejifunza kwamba mchicha ni adhabu na soda ni zawadi. Na chupa hiyo ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba au vinane. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto mdogo chupa moja inakaribia kumaliza fungu lote.

Adhabu yenyewe tuliizoea shuleni. Zamani aliyechelewa ndiye aliyemwagilia bustani, kisha tunashangaa kizazi chetu hakipendi jembe. Vilabu vya kilimo vya shuleni, 4K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya) vilifufuliwa mwaka 2021, na vikitumiwa vizuri mchicha wa kwenye gunia unatosha. Mtoto aliyeupanda mwenyewe huwa mwepesi wa kuuonja.

"Sukari humtia mtoto wazimu."

Hapana. Majaribio ambayo hata wazazi hawakujua nani kapewa sukari yalijumlishwa mwaka 1995, na tofauti ya utundu haikuonekana. Sukari ina makosa yake, meno yakiwa la kwanza, lakini hili tuliondoe.

"Mabuyu ni tunda, hayana neno."

Unga mweupe unaozunguka mbegu ya mbuyu una vitamini C nyingi. Ila mabuyu ya langoni yamepikwa kwenye shira ya sukari na rangi. Moto umepunguza vitamini, na sukari inaganda menoni kutwa. Ubuyu wa kukoroga kwa maji, sukari kidogo, huo ndio tunda. Embe mbichi ya pilipili, inayosingiziwa kila ubaya, ni tunda halali. Mwambie muuzaji apunguze chumvi.

"Dawa ni kuwafukuza wauzaji."

Ukiwafukuza watavuka barabara, na watoto watavuka nyuma yao katikati ya bodaboda. Heri kukaa nao na kukubaliana: ndizi, embe, madafu, mhogo wa kuchemsha kando ya ule wa karai. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini ameacha kuleta wa kuchemsha.

"Watoto hawautaki," akaniambia.

"Uliuleta siku ngapi, dada?"

"Mbili."