Somo la uraia na maadili katika sekondari: tuanze na uamuzi

Mwanafunzi wa sekondari akitakiwa katika mtihani ataje sifa tano za raia mwema, atazitaja bila shida: uaminifu, uwajibikaji, uzalendo, kuheshimu sheria na kushirikiana na wengine. Atapata alama zote, lakini alama hizo hazitatuambia lolote kuhusu atakachofanya siku jirani yake atakapomnong'oneza amwoneshe majibu. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi na sasa ninawaandaa walimu wanaolifundisha, na msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kipindi itumike kuwazoesha vijana kuamua, kuutetea uamuzi wao kwa hoja na kuutekeleza. Fasili za istilahi zije pale wanafunzi wenyewe wanapoanza kuzihitaji.

Wasiwasi kuhusu maadili ya kukariri una historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Hugh Hartshorne na Mark May wa Marekani waliwapima maelfu ya watoto kwa kuwaweka mahali ambapo wangeweza kudanganya au kuiba wakiamini kwamba hakuna anayewaona. Walibaini kwamba mtoto aliyekuwa mwaminifu katika jambo moja hakuwa lazima mwaminifu katika jingine, na kwamba kulijua jema kulikuwa na uhusiano mdogo na kulitenda. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu zao ulionesha kuwa uthabiti wa tabia ulikuwepo kwa kiasi fulani, lakini onyo la msingi limebaki. Mwanasaikolojia James Rest alilifafanua vizuri zaidi alipoeleza kwamba tendo la kimaadili linahitaji mambo manne: kutambua kuwa hapa kuna suala la maadili, kupima lipi ni sahihi, kulipa hilo uzito kuliko maslahi mengine, na hatimaye kuwa na ujasiri na stadi za kulitekeleza. Shule nyingi hufundisha jambo la pili peke yake, kisha hushangaa kwamba vijana wanaojibu vizuri hawatendi vizuri.

Nichukue kipindi kimoja kwa vijana wa miaka 15 hivi. Ubaoni naandika: "Wanafunzi wanne walipewa kazi ya kundi. Watatu wameifanya, wa nne hakufanya chochote. Kazi inakusanywa kesho. Je, jina lake liandikwe?" Kabla ya yeyote kusema, kila mmoja anaandika daftarini jibu lake na sababu moja, kwa dakika tatu. Hatua hii huonekana ndogo, nami naamini ndiyo inayoamua kama kipindi kitafaulu, kwa sababu bila hiyo mwanafunzi mwenye sauti huzungumza kwanza, na wenzake hugeuka kuwa wafuasi au wapinzani wake kabla hawajajua wao wenyewe wanafikiri nini.

Kwa kawaida wengi husema jina lisiandikwe, maana alama hutolewa kwa aliyefanya kazi. Ndipo naongeza habari moja, kwamba mwenzao huyo amekuwa akimuuguza mama yake. Upepo hugeuka mara moja, na wengi wangependa kuishia hapo wakiwa wametosheka na huruma yao. Nawauliza: je, kuna aliyemwuliza kwa nini hakuonekana? Hapo hoja huhama kutoka kosa la mmoja hadi wajibu wa watatu, na karibu kila mara hujitokeza mwanafunzi anayemkumbuka mtu wa tano, yaani mwalimu, ambaye ataamini kwamba kila jina lililoandikwa juu ya karatasi ni la mtu aliyeifanya kazi. Suala lililoonekana kuwa la huruma dhidi ya haki sasa lina ukweli ndani yake pia.

Dakika kumi za mwisho siziachii mjadala. Kila mmoja anaandika maneno halisi atakayomwambia mwalimu kesho asubuhi. Hapa ndipo ugumu hujitokeza, kwa kuwa rasimu za kwanza ama humshtaki mwenzao ama humficha. Kuandika sentensi mbili zenye ukweli, zisizomdhalilisha aliye katika shida, ni stadi inayohitaji mazoezi, na kijana ambaye hajawahi kuyatafuta maneno hayo darasani hatayapata kwa urahisi akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi.

Walimu huniuliza sana kuhusu mada zinazogawanya jamii, wakihofia kulaumiwa kwamba wanaingiza siasa darasani. Mwongozo ninaouthamini zaidi ulitokana na mkutano uliofanyika Beutelsbach, Ujerumani Magharibi, mwaka 1976: mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kufuata maoni yake, jambo lenye mabishano miongoni mwa wataalamu na wanasiasa lifundishwe likiwa na mabishano yake, na mwanafunzi awezeshwe kuchambua hali ya kisiasa na nafasi yake ndani yake. Naongeza tahadhari moja. Si kila jambo lina pande mbili zenye hadhi sawa, na mwalimu anayeuweka utu wa kundi fulani la watu mezani ili upigiwe kura anakuwa amewaacha bila ulinzi wanafunzi wake wa kundi hilo waliomo darasani.

Uraia, kwa upande wake, unadai maarifa ambayo mjadala peke yake hautoi. Nawapa wanafunzi kasoro inayoonekana, tuseme kivuko cha waenda kwa miguu kilichofutika mbele ya shule, waandike barua. Barua za kwanza huelekezwa "kwa serikali". Nazirudisha na maswali: barabara hiyo iko chini ya mamlaka ipi, nani hupitisha bajeti yake, na kwa mwezi gani? Wakati wa kutafuta majibu, ngazi za utawala ambazo kwenye kitabu ni mchoro tu huwa na anwani na watu. Barua hutumwa kweli, na isipojibiwa, kipindi kinachofuata ni kuhusu njia halali za kufuatilia na kukata rufaa.

Shule yenyewe nayo hufundisha. Tafiti za IEA, jumuiya ya kimataifa inayopima mafanikio ya wanafunzi, kuhusu elimu ya uraia, ukiwemo ule wa 1999 na ule wa 2009, zimeonesha kwamba wanafunzi wanaoona darasa lao liko huru kwa mjadala huelekea kuwa na maarifa zaidi ya uraia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Baraza la wanafunzi linaloachiwa kuchagua rangi ya mabango peke yake haliitimizi haki hiyo. Lipewe angalau kanuni moja ya shule lijadili, na uongozi ujibu kwa maandishi.

Kuhusu alama, mwenendo wenyewe siupi alama, kwani uaminifu unaolipwa kwa alama huoneshwa pale tu unapoangaliwa. Ninachopima ni kufikiri. Mwisho wa muhula humtaka mwanafunzi aandike aya moja ya hoja asiyokubaliana nayo, kwa namna ambayo mwenye hoja hiyo angeikubali kuwa ni yake, ndipo aijibu. Nasahihisha aya ile ya kwanza kwa ukali kuliko jibu lenyewe, na hitimisho lake likitofautiana na langu halimpunguzii kitu.