Kengele ya farasi haimfukuzi nyati

Juma lililopita mgeni mwingine tena amenijia bandani na rundo la njuga. "Kaka, wafunge hizi, tukipita porini nyati watakimbia." Nimelisikia hili mara nyingi mno.

Tunapita njia za mashamba ya mkonge kutoka Tanga kuelekea Pangani. Wenye njia ni kina mama wa kuni, watoto wa baiskeli na vijana wa bodaboda, na kwenye kona mkonge unaziba kila kitu. Kengele kazi yake ni hapo: kumwambia binadamu kwamba farasi yuaja, apunguze mwendo. Hata Marekani, wanakoifunga ili wasimshtukize dubu, walinzi wa hifadhi huwahimiza watu wapaze sauti zao, kwa kuwa kengele ndogo haisikiki mbali.

Haisikiki kwa sababu mlio mwembamba hufia vichakani. Majani huumeza. Kengele moja nzito ya mlio mnene inafika mbali kuliko njuga kumi. Halafu kuna upepo, na hili ndilo watu hawataki kulisikiliza! Wakati wa kusi, ukishuka kwenda Pangani upepo unakupiga usoni, mlio wote unabaki nyuma yako, na wa bodaboda anayekuja mbele hasikii kitu. Ukirudi Tanga mlio unakutangulia. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Sasa huyo nyati atasikia nini? Na akisikia, dume zee lililojitenga na kundi halina desturi ya kumpisha mtu.

Wengine huniambia inafukuza mbung'o. Jamani! Mbung'o hufuata harufu, kitu kinachotembea na rangi iliyokoza. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, inaua farasi. Usimwachie kengele kazi ya daktari wa mifugo.

Farasi asiyeizoea usimfungie siku ya safari. Ianzie bandani, mkononi mwako, kisha kwenye mkanda wa kifua. Kwenye lijamu kamwe.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni masikio. Kila sikio la farasi hugeuka peke yake, karibu nusu duara, na mimi huyatazama hayo kabla ya kutazama njia. Kengele ikilia kifuani pake saa mbili mfululizo, nahofu inamfunika kile ambacho angenisikilizia. Kwa hiyo njia ikinyooka naifungua, ingawa mwenzangu ninayefanya naye kazi hakubaliani nami, na kuna siku nadhani yeye ndiye yuko sahihi.

Njuga za mgeni zilibaki begini. Kulikuwa na kusi siku hiyo. Kwenye kona ya kwanza nikapaza sauti, "Simile! Simile! Farasi!" Mama mmoja akaitika kutoka nyuma ya mkonge, "Ngojeni kwanza baba, nina mzigo." Tukasimama mpaka akapita.