Stroberi mpe mbwa, zabibu mnyime

Stroberi na forosadi zilizoiva hazina sumu kwa mbwa. Stroberi hupigwa dawa na haimenywi, kwa hiyo zile za vikopo unazonunua soko la Kilombero, Arusha, zioshe moja moja kwa maji yanayotiririka. Toa kikonyo, na kwa mbwa mdogo katakata vipande vidogo asije akapaliwa. Siku ya kwanza mpe nusu tunda, kisha angalia kinyesi hadi kesho yake.

Kanuni ya kawaida ni kwamba vitu vya kumzawadia visizidi asilimia 10 ya nishati anayohitaji kwa siku. Kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni kama kilokalori 60. Stroberi ya wastani ina 4 hivi, maana yake kwa hesabu angemaliza 15. Usithubutu: tumbo hushindwa kabla ya hesabu, ataharisha. Mimi naishia mbili au tatu. Mforosadi ukiwa uani, fagia kila asubuhi, maana hapo mbwa hujipimia mwenyewe.

Zabibu ni marufuku, mbichi na kavu. Huua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Tangu 2021 wataalamu wa sumu Marekani wanaishuku asidi ya tartari, ambayo imo pia kwenye ukwaju. Huo nao usimpe. Kiwango cha asidi hiyo hutofautiana kati ya zabibu na zabibu, ndiyo maana utasikia “wa kwangu alikula, hakudhurika”. Kavu ni mbaya zaidi kwa uzito uleule, kwa sababu maji yametoka, sumu imebaki. Makombo ya pilau ya sikukuu yana zabibu kavu, tena na vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu.

Wenye mashamba Machame na Tengeru, msimu wa kahawa mfungieni mbwa mbali na vichanja vya kuanikia. Kafeini humpeleka moyo mbio, akatetemeka, hata kupata degedege.

Akila zabibu usingoje dalili. Kutapika huja ndani ya saa 24, ila mkojo hupungua baada ya siku moja hadi tatu, figo zikiwa zimeshaumia. Mwahishe kwa daktari wa mifugo, ikiwezekana ndani ya saa 2, angali anaweza kutapishwa kwa dawa. Maji ya chumvi usimnyweshe, chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Mweleze daktari uzito wa mbwa, alikula kiasi gani na saa ngapi.