"Mfumo wa kimataifa unaofuata sheria" ni nini, na jumuiya za kikanda zinahusikaje?

Hilo neno utalisikia sana kwenye taarifa ya habari. Maana yake ni kwamba nchi zimekubaliana mipaka haisogezwi kwa bunduki, mikataba inaheshimiwa, na mkubwa hamnyang'anyi mdogo kisa ana jeshi. Tatizo dunia haina polisi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipo ila kati ya wale watano wenye veto, yaani kura ya turufu, akikataa mmoja tu jambo limelala, ndo maana jumuiya kama AU (Umoja wa Afrika), SADC (ya nchi za kusini mwa Afrika) na ECOWAS (ya Afrika Magharibi) zina umuhimu, kwa sababu jirani anaijua nyumba inayoungua na moto ukisambaa unaanzia kwake.

Chukua Komoro, hapo ng'ambo tu. Juni 2007 Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa cha Anjouan, aliambiwa na serikali ya muungano wa Komoro pamoja na AU asifanye uchaguzi kwanza, yeye akachapisha karatasi zake za kura, watu wakapiga, akajitangaza mshindi. AU ikaanza polepole, vikao, kuwazuia yeye na wenzake kusafiri, kufungia mali zao, miezi inapita na jamaa hatikisiki. Machi 25, 2008 wanajeshi wa Komoro wakiwa na wa Tanzania na Sudan wakashuka Anjouan, na Bacar akatorokea kwa boti Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa. Afrika Kusini ilitaka mazungumzo yaendelee, mi naona muda wa kuongea alishapewa wa kutosha. Halafu serikali ya Komoro yenyewe ndo iliomba msaada, hapo ndo tofauti na uvamizi.

Sasa mwaka huohuo, Novemba, mahakama ya SADC kule Windhoek ikasema Zimbabwe ilimpokonya shamba mkulima Campbell kinyume na mkataba wa SADC. Zimbabwe ikagoma. Badala ya marais kumbana mwenzao, 2010 wakaisimamisha mahakama, na 2012 wakakubaliana mwananchi wa kawaida asiweze tena kuishtaki nchi pale. Hii inaniuma kweli, maana sheria ileile waliyoisaini wenyewe ilipowageukia wakaifungia kabatini. Mawakili wa Tanganyika Law Society hawakunyamaza, wakaenda Mahakama Kuu ya Tanzania, na 2019 ikasema Tanzania kushiriki kuisimamisha ile mahakama ilikuwa kinyume cha sheria.