Wanablogu na Kura: Dhana Inayohitaji Kusahihishwa

Uchaguzi ukikaribia, katika baraza za Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, simu hupitishwa mkono kwa mkono pamoja na vikombe vya kahawa, na husemwa kwamba mgombea akishachafuliwa na wanablogu, huyo kwisha. Dhana hii ni ya zamani, nayo si sahihi.

Mwaka 2004 nchini Marekani, Howard Dean, aliyewania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, aliyependwa mno na wanablogu na kuchangiwa mamilioni ya dola kupitia intaneti, aliambulia nafasi ya tatu katika mchujo wa jimbo la Iowa. La kufunza zaidi ni la jimbo la Connecticut mwaka 2006: wanablogu walimpigia debe Ned Lamont hadi akamshinda Seneta Joe Lieberman katika mchujo wa chama cha Democratic, lakini Lieberman akagombea bila tiketi ya chama hicho na Novemba akarudi Seneti. Mchujo huamuliwa na wanachama wachache wenye bidii, ambao ndio hasa husoma wanablogu; uchaguzi mkuu ni wa watu wote.

Nguvu yao ipo, tena si ndogo, kwani huchangisha fedha na kuwaamsha wafuasi. Hata hivyo, mvuvi wa Kizingitini humpima mgombea kwa gati, kwa maji, na kwa neno la jamaa anayemwamini.