VRAM ni nini, na inaamua vipi kati ya kadi mbili za bei moja

Kwenye kabati la kioo la duka la kompyuta, Moi Avenue, Mombasa, maboksi mawili ya kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu, yamekaa bega kwa bega. Moja limeandikwa RTX 4060, GB 8. La pili RX 7600 XT, GB 16. Bei zake hukaribiana, maana hata zilipotoka zilipishana dola 30 tu: ya kwanza dola 299 katikati ya 2023, ya pili dola 329 mwanzoni mwa 2024. Mnunuzi anauliza, "Ya GB 16 si ndiyo ina kasi mara mbili?" Hapana. Na muuzaji akimjibu kwamba GB za kadi si kitu, atazame jina la modeli tu, huyo naye amempotosha mteja wake.

VRAM ni memori ya kadi ya grafiki yenyewe. Si RAM ya kompyuta. Ni vipande vidogo vyeusi vilivyolehemiwa kwenye bodi ya kadi, vikiizunguka chipu kubwa ya katikati. Kwa kuwa vimelehemiwa, haviongezeki. RAM ya kompyuta ikikupungukia, unanunua kipande kingine na kukichomeka. VRAM uliyoinunua leo ndiyo hiyo hiyo mpaka siku utakayoiuza kadi.

La kushika kwanza: VRAM ni nafasi, si kasi. Chipu ndiyo inayochora, na VRAM ni pahali inapoweka vitu vyake vya kuchorea. Gemu ikihitaji GB 6, kadi ya GB 8 inatosha, na kwenye kadi ya GB 16 zile 10 zinazobaki hukaa bure. Ndiyo maana RX 7600 ya kawaida yenye GB 8 hukimbia karibu sawa na 7600 XT kwenye gemu nyepesi: chipu ni ya aina moja, ila XT imeongezewa memori na mwendo kidogo. Mtu anayecheza Valorant, Fortnite, GTA V au mpira wa FC kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 hataona faida ya zile GB za ziada. RTX 4060 itamtosha kabisa.

Basi ni kitu gani kinachoijaza? Zaidi ni tekscha, yaani picha zinazobandikwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane ukuta na ngozi ionekane ngozi. Chukua ukuta mmoja ndani ya gemu, wa mawe ya matumbawe kama kuta za Mji wa Kale. Tekscha yake ina pikseli 4096 kwa 4096, karibu milioni 17. Ikishabanwa kwa njia ya kawaida, kila pikseli huchukua baiti moja, kwa hiyo MB 16. Ongeza nakala zake ndogo zinazotumika ukiutazama ukuta kwa mbali, inafika kama MB 21. Na ukuta hauna tekscha moja. Kuna ya rangi, kuna ya mashimo na vivimbe vya jiwe, kuna ya kuamua pahali gani pang'ae na pahali gani pafifie. Tatu hizo ni MB 64, kwa ukuta mmoja. Hujaweka mlango uliochongwa, hujaweka barabara, hujaweka watu.

Sasa shusha tekscha hizo hadi 2048 kwa 2048. Kila moja inakuwa robo, na ukuta wote unabaki MB 16. Ndiyo sababu kushusha tekscha daraja moja mara nyingi huokoa VRAM nyingi kuliko mipangilio mingine, na kwenye skrini ya kawaida jicho halioni tofauti kubwa. Kinyume chake, picha nzima ya skrini ya 1920 kwa 1080 ni MB 8 tu. Gemu hushika picha nyingi za kati za ukubwa huo, lakini mtu anayepunguza ukubwa wa skrini huku ameacha tekscha juu kabisa anaokoa kidogo, tena pahali ambapo tatizo halipo. Miale ya mwanga, ile ya kuakisi maji na vioo, nayo hula nafasi. Hata kutengeneza fremu (picha moja moja za mchezo) za ziada kwa DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA ambayo ni sifa kubwa ya 4060, huhitaji VRAM yake, na hilo watu wengi hawaambiwi.

Ikijaa, kompyuta haizimi. Draiva, programu inayoiendesha kadi, huanza kuhamisha vitu kwenda RAM ya kawaida, na hapo ndipo taabu inapoanza. Mtu wa Mombasa ataelewa kwa kivuko cha Likoni. Kilichomo ndani ya VRAM kiko kisiwani pamoja na chipu, unakifuata kwa miguu. Kilichohamishiwa RAM kiko ng'ambo, na lazima kingojee feri. Feri hiyo ni PCIe, njia inayounganisha kadi na madabodi. Ndani ya RTX 4060, memori hupitisha GB 272 kwa sekunde. Kupitia PCIe 4.0 kadi hiyo hupata kama GB 16 kwa sekunde, kwa sababu kati ya njia ndogo 16 za PCIe, yenyewe hutumia 8 tu. Kwenye PCIe 3.0, ya kizazi cha nyuma, ni GB 8. Yaani mara 34 polepole kuliko ikiwa ndani.

Hapa pana jambo ambalo majaribio mengi ya mtandaoni hayalionyeshi, na kwetu lina uzito. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini ni za mtumba, zilizotoka maofisini Ulaya, zenye prosesa za Intel za kizazi cha 8, 9 au 10. Zote hizo ni PCIe 3.0. Wanaojaribu kadi hutumia madabodi mpya, wakaona 4060 inajikongoja kidogo VRAM ikijaa. Kadi hiyo hiyo ndani ya mashine ya kizazi cha 8 huvushwa na feri ya nusu mzigo, na gemu inakwama vibaya zaidi. RX 7600 XT nayo ina njia 8 vilevile, lakini yenye GB 16 ni nadra kuhitaji kuvuka.

Dalili za VRAM kujaa si FPS (fremu kwa sekunde) ndogo, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Namba ya FPS pembeni mwa skrini inaweza kusoma 60 na gemu bado ikashtuka. Kwa FPS 60 kila fremu ina milisekunde 16.7. Fremu 59 zikija kwa wakati, moja ikangojea feri kwa milisekunde 80, wastani hauanguki sana, ila mkono wako umeuhisi mshtuko huo. Gemu nyingine hazikwami kabisa. Zinabadilisha tekscha kimyakimya, na ukuta wa matumbawe unageuka kama umepakwa sabuni, kisha baada ya sekunde chache mawe yanajitokeza. Hogwarts Legacy na The Last of Us Part I, zote zilizotoka kwenye kompyuta mwaka 2023, ziliwatesa wenye GB 8 kwa namna hizo tekscha zikiwekwa juu kabisa, ingawa zote zilirekebishwa kiasi baadaye.

Kupima ni rahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows, nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance), chagua GPU. Chini kuna memori mbili: ya kadi yenyewe na ya kuazima kutoka RAM. Cheza dakika 30, si tano, kwa sababu VRAM hujaa polepole kadiri unavyopita maeneo mapya. Ya kadi ikifika ukingoni na ya kuazima ikaendelea kupanda huku gemu ikishtuka, umepata jibu. Lakini usiogope namba ya kwanza peke yake. Gemu hupenda kujiwekea nafasi zaidi ya inayoihitaji. Ikionyesha GB 11 kwenye kadi ya GB 16, haina maana kwamba itashindwa kwenye GB 8. Funga pia kivinjari kabla ya kupima. Windows na kurasa zilizofunguliwa hula mamia ya megabaiti ya VRAM hiyo hiyo.

Kuna mtego wa upande wa pili: GB nyingi juu ya chipu dhaifu. GT 730 ya GB 4 ya memori ya DDR3 bado inauzwa, na boksi lake linatangaza hizo GB 4 kwa herufi kubwa. Memori yake haipitishi hata GB 30 kwa sekunde. Hesabu ya kasi hiyo ni hii: zidisha upana wa njia ya memori (biti) kwa mwendo wake (gigabiti kwa sekunde), gawanya kwa 8. RTX 4060 ni biti 128 mara 17, gawanya kwa 8, unapata 272. RTX 3060 ya GB 12 ni biti 192 mara 15, gawanya kwa 8, unapata 360. Usishangae kadi ya 2021 kuwa na njia pana kuliko ya 2023. Mpya imewekewa MB 24 za memori ya akiba ndani ya chipu badala ya 3, kwa hiyo haikimbilii VRAM mara nyingi hivyo, na kwa jumla huishinda 3060 kwa kasi. Ila 3060 ina njia 16 za PCIe na GB 12. Ikipatikana safi kwa bei ya chini, kwenye mashine ya mtumba ni kadi ya heshima. Hakikisha tu ni ya GB 12, maana ipo 3060 nyingine ya GB 8 yenye biti 128 na jina lile lile.

Umeme ndio unaoweza kugeuza uamuzi. 4060 hula wati 115, na 7600 XT hula wati 190. Kwa saa nne kila siku, tofauti hiyo ni kama uniti 9 kwa mwezi. Ukihesabu uniti kwa shilingi 30, ni shilingi 270. Hilo si kubwa. Kubwa ni pawasaplai na UPS, yaani betri ya kushika kompyuta stima ikipotea. 7600 XT nyingi zinataka plagi mbili za pini 8, na pawasaplai ya mashine ya ofisi mara nyingi haina hata moja. UPS ndogo ya VA 650 hutoa kama wati 360 hadi 390. Kadi ya wati 190, prosesa, skrini na feni pamoja zinakaribia hapo, na stima ikipotea katikati ya mchezo, UPS inalia mara moja na kuzima yenyewe. Pia GB 16 za 7600 XT ni vipande vinane, na nusu yake viko nyuma ya bodi ambako feni hazifiki. Wakati wa kaskazi chumba kikifika digrii 32, usilisukume kasha la kompyuta ukutani.

Kwa hiyo kama pawasaplai yako ni ya wati 600 ya kweli na unapenda gemu kubwa za hadithi, au skrini ya 2560 kwa 1440, au unataka kadi ikae miaka minne, chukua GB 16. Mpangilio wa gemu unaweza kuushusha siku yoyote. Nafasi huwezi kuiongeza. Kama mashine ni ndogo, stima ni ya wasiwasi na gemu ni za ushindani, chukua 4060 na uweke tekscha daraja moja chini ya juu kabisa. Kabla ya kulipa, mwombe fundi aichomeke na aifungue GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Soma mistari mitatu: ukubwa wa memori, upana wa njia kwa biti, na PCIe inayotumika. Huo wa PCIe usome kadi ikifanya kazi, kwani ikipumzika hujishusha yenyewe ili kuokoa umeme. Kadi iliyoghushiwa jina, programu hiyo mara nyingi huitambua na kuiandikia kuwa ni bandia.