Kujithamini kwa Wanachuo wa Ualimu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika vyuo vya ualimu vya magharibi mwa Kenya, kama vile Eregi na Kaimosi, ni rahisi kudhani kwamba mwanachuo mkimya hajithamini. Dhana hii huwaumiza wengi bure. Kipimo cha kujithamini kinachojulikana sana, alichokichapisha mwanasosholojia Morris Rosenberg mwaka 1965, kina kauli 10, na hakuna hata moja inayouliza kama mtu ni msemaji. Zinahusu kama anajiona ana thamani sawa na wenzake, na kama ameridhika na nafsi yake.

Wengine huchukulia kujithamini na kujiamini kazini kuwa kitu kimoja. Sivyo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu kuwa ataiweza kazi fulani hutokana hasa na kuifanya na kufaulu, kisha kumwona mwenzake akifaulu, kutiwa moyo, na hali ya mwili na hisia. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha karibu na Kakamega anaweza kusimama mbele ya darasa la hisabati, mkufunzi ameketi nyuma na fomu ya tathmini, chaki inamteleza kwa jasho, na kengele ikalia kabla hajafika nusu ya andalio lake la somo. Jioni atajiambia kwamba yeye si kitu, ilhali kilichoharibika ni somo moja, nalo hurekebishika: angeanza na vikaratasi vya kukunja nusu na robo kabla ya kuandika kanuni ubaoni.

Hapo ndipo inapoanguka dhana kwamba dawa ya kutojithamini ni kusifiwa. Mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake, walipopitia tafiti nyingi mwaka 2003, hawakupata ushahidi kwamba kuinua kujithamini peke yake huleta matokeo bora masomoni. Kwa kiasi fulani, ufaulu ndio hutangulia, na kujithamini hufuata. Mkufunzi anayesema tu "vizuri, endelea hivyo" hajampa mwanachuo cha kushika. Anayemwonyesha ni wapi watoto walielewa na ni wapi aliwaacha nyuma, kisha akamruhusu kulifundisha somo lilo hilo katika darasa jingine la kiwango hicho, amemsaidia kweli, nami ningependa kila chuo kitenge muda wa marudio hayo.

Ama ule usemi wa mitaani kwamba ualimu ni wa waliokosa kozi nyingine, haupimi uwezo wa yeyote: mwanachuo aliyeingia kwa shingo upande hujifunza kufundisha kwa njia zile zile alizozieleza Bandura.